Mpiga Msasa wa Tabaka

Zipporah hakuwahi kuchonga kitu chochote maishani mwake, na kwa wiki tano nzima, ukimwacha yeye mwenyewe, mimi ndiye niliyekuwa mtu wa pekee London aliyelijua jambo hilo. Si siri niliyoitaka. Siri za watu hunipa kiungulia.

Tunaishi Thamesmead, ghorofa moja, mlango kwa mlango. Mimi ni Siham, mzaliwa wa Mombasa, muuguzi. Yeye hutunza wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Kwao ni Tabaka, huko Kisii, ambako mawe laini huchimbwa na kuchongwa mabakuli, viboko, tembo na kila kinachompendeza mtalii. Hapo ndipo uongo ulipozaliwa, ingawa Zipporah hakusema uongo hata neno moja. Alinyamaza tu.

Ilikuwa kwenye sherehe ya Jamhuri, katika ukumbi mmoja Thornton Heath. Jotham, Mkakamega anayefundisha uchongaji kwenye masomo ya jioni, alikuwa akitafuta watu. Januari kungekuwa na mashindano ya kimataifa ya kuchonga theluji, hapa hapa London, kando ya gati za zamani, naye alikwisha kujiandikisha kwa jina la Kenya kabla ya kuwa na timu. Wasanii ndivyo walivyo. Alishampata Kibet wa Hayes, anayepanga mizigo katika ghala la vyakula vilivyogandishwa, ambaye baridi kwake ndiyo ofisi. Wakabaki wawili wa kutafutwa. Aliposikia Zipporah ni wa Tabaka, alimshika mikono yote miwili akamshukuru Mungu kwa sauti, akasema mtu wa Tabaka huzaliwa na tezo mkononi. Zipporah akafungua mdomo, kisha akaufunga. Mimi niliingizwa kuwa wa nne kwa sababu kanuni zilitaka wanne, na nilikuwa nimesimama karibu yao nikila sambusa.

Ndani ya basi, tukirudi nyumbani, akaniambia ukweli. Kwao wanaume ndio wanaochonga. Wanawake hupiga msasa. Tangu akiwa na miaka saba alikaa na mama yake kando ya karai la maji, wakipokea vitu vilivyokwaruzwa na patasi, vya kijivu, visivyo na sura, wakivisugua mpaka ving'ae. Vidole vyao vilichakaa kabla ya nguo zao.

"Mteja akija anauliza ni nani amechonga," aliniambia. "Sijawahi kusikia mtu akiuliza ni nani amesugua."

Nikamwambia amweleze Jotham kesho yake. Akasema atamweleza. Lakini namjua, "nitamweleza" ya Zipporah ni kama "njoo kesho" ya fundi cherehani.

Mashindano ya namna hii hutoa mada, na kila timu huandika jinsi kazi yake inavyoijibu. Mada ilikuwa "Kinachobaki". Mimi niliona ni dhihaka, kumwambia mtu achonge kinachobaki kwa kitu kitakachokuwa maji kabla wiki haijaisha. Jotham aliona ni zawadi. Alichora kaka la yai lenye kimo cha mtu na nusu, limepasuka upande mmoja, kifaranga keshaondoka. Akaandika kwamba sisi tuliotoka makwetu ndio vifaranga, na kinachobaki nyuma ni lile ganda lililotukinga. Ukuta wa ganda uwe mwembamba hata mwanga upenye. Na kwa kuwa kuupunguza ukuta kwa ndani bila kuutoboa ndiyo kazi ngumu kuliko zote, kazi hiyo akampa mtu wa Tabaka.

Theluji yenyewe ilitengenezwa kwa mashine, ikaletwa kwa malori, ikashindiliwa katika masanduku ya mbao. Alhamisi asubuhi masanduku yalipovuliwa, kila timu ilibaki na bonge jeupe la mita tatu kwenda juu. Tulikuwa timu kumi na mbili. Wamongolia walikuwa wakichonga nyayo za farasi aliyekwisha kupita, Wameksiko meza baada ya karamu, Wafini kiti ambacho mtu ametoka kuinuka sasa hivi. Mashine hairuhusiwi, rangi hairuhusiwi, wala chuma cha kushikilia ndani. Mimi, ambaye baridi yangu ya utotoni ilikuwa maji ya mtungi, nilivaa soksi tatu, nikabeba ndoo, na nikalalamika kwa kila lugha niijuayo.

Kufikia Ijumaa adhuhuri yai lilikuwa limesimama. Kibet alikuwa amelichimba tumbo kwa sepetu mpaka mtu akaweza kuingia, ukuta bado mnene. Jotham akampa Zipporah tezo, akamwambia, "Ndani ni kwako, dada. Take your time."

Zipporah akaingia kupitia kwenye ufa. Kwa saa tatu hatukusikia pigo hata moja. Tulisikia mchakacho wa kitu kikisuguliwa, taratibu, bila kuchoka. Nilijua ni msasa. Mwishowe Jotham akachungulia. Ukuta ulikuwa mnene vilevile kama Kibet alivyouacha, ila ulikuwa laini kama sahani.

"Jotham, mimi si mchongaji," Zipporah akasema, tezo limelala chini miguuni pake. "Mama alinifunza kupiga msasa, hiyo tu ndiyo naijua. Ulinishukuru sana siku ile, nikaona haya."

Jotham hakugomba. Aliokota tezo, akaingia mwenyewe, akaanza kupiga. Ningependelea agombe. Zipporah alisimama pale, mikono imening'inia, na mimi kwa hasira zangu nikamkumbusha kwamba nilimwambia tangu mwanzo. Ukitaka kujua nini ninachokijutia katika mambo haya yote, ni hicho. Aliyekwisha kuanguka hasukumwi.

Jumamosi hali ya hewa ikageuka. Joto likapanda, manyunyu yakaanza, na timu zote zikawa zinafunika kazi zao kwa maturubali. Jotham alikuwa ndani ya yai, anapiga mbiombio kufidia nusu siku tuliyoipoteza. Nilidhani Zipporah hatakuja. Akaja, na mfuko wa misasa. Alivua glavu moja akaanza kulizunguka lile ganda kwa nje, kiganja chake kikipita juu ya theluji polepole sana.

Mwendo ule nilishauona. Kuna mzee mmoja ambaye Zipporah humtunza, mzee Hemant, mjane, hatoki kitandani. Siku moja Zipporah aliniita nimwangalie kisigino. Nilikipapasa, mimi muuguzi wa miaka kumi na nne, nisione kitu. Yeye akashikilia kwamba pana joto. Siku ya pili pakawa pekundu, na kwa kuwa tulikuwa tumekwisha kumwinua mguu juu ya mto, kidonda hakikufunguka. Kiganja kile mimi sinacho, na skuli ya uuguzi haikunipa.

Alipofika mgongoni mwa yai, akasimama. Akarudisha kiganja, akakipitisha tena.

"Jotham, wacha. Usipige hapo."

Pigo likakatika. Sauti ya Jotham ikatoka ndani, ya mtu aliyechoka kuambiwa, ikasema kwamba hapo bado pana unene wa shubiri nzima, amepima kwa macho. Zipporah akamjibu kwamba hapo panatoa jasho, na kwingine hapatoi. Jotham akachukua waya akausukuma taratibu kutoka ndani, labda ili kumnyamazisha. Ncha ikatokeza nje kati ya vidole vya Zipporah. Ukuta ulikuwa umebaki vidole viwili. Pigo moja zaidi na mgongo wote ungemwangukia.

Kibet alivua kofia, sijui kwa nini. Kisha Jotham akatoa kichwa kwenye ufa, theluji imemjaa nyusi.

"Sister," akasema, "wapi kwingine?"

Basi mpaka giza lilipoingia kazi ilikwenda hivyo: Zipporah nje na kiganja, Jotham ndani na tezo. Hapa toa. Hapa acha. Hapa toa kidogo tu. Jumapili asubuhi akamtoa Jotham ndani kama mtu anayemtoa mwanamume jikoni, akaingia na misasa yake. Mimi nikawa nampokea na kumpa, msasa wa kukwaruza kwanza kisha ule laini, na yeye akasugua. Honi ya kumaliza ilikuwa ipigwe saa sita mchana. Saa tano jua likatoka, jua la London, halina nguvu hata ya kukausha leso, lakini lilitosha. Ganda likapokea mwanga likawaka lote, rangi ile ile ya yai unapolishika mbele ya taa. Watu waliokuwa wakipita wakasimama. Nililia, nikasingizia baridi, na leo nakiri haikuwa baridi.

Majaji walipofika, mmoja wao akauliza nani amechonga. Nilimwangalia Zipporah, alikuwa akitazama viatu vyake. Jotham akajibu kwamba kuchonga wamechonga wanaume wawili, lakini wanachokiona kwa macho yao ni kazi ya huyu mama, wamuulize yeye. Wakamuuliza, na kwa mara ya kwanza nikamsikia Zipporah akieleza jinsi msasa unavyokunjwa, akieleza kwa Kiingereza kirefu, na jaji akiandika. Walioshinda ni Wafini na kiti chao, na walistahili. Sisi tulikuwa wa tano. Kibet alishangilia kama tumechukua kombe.

Wakati wafanyakazi walipoanza kuondoa vizuizi, Zipporah akampigia mama yake simu ya video. Mama ana zaidi ya miaka sabini na bado anasugua mawe. Nikaishika simu mimi, nikalizunguka nayo ganda zima ili aone, huku Zipporah akimweleza kwa Kikisii: theluji, mada, kinachobaki. Mama akaomba kwa Kiswahili nirudi nyuma, nipandishe simu, niisogeze karibu na ufa. Akasema maneno machache kwa Kikisii. Zipporah akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Nikamuuliza kuna nini.

"Anasema pale chini ya mdomo wa ufa sijamaliza."

Majaji walishakwenda zao. Kesho yake asubuhi tingatinga lingekuja kuvunja kila kitu, na mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Zipporah akavua glavu, akakunja msasa mara nne.

"Nilikuwa na mwalimu, Siham," akasema. "Mungu nimshukuru vipi? Nilikuwa na mwalimu."

Akapiga magoti akaanza kusugua chini ya mdomo wa ufa. Mimi nikasimama mvuani na simu mkononi, nikimwelekezea mama wa Tabaka aone vizuri, mpaka yeye mwenyewe aseme imetosha.