Siku Tatu Bila Kufyagia Uwanja

Mume wangu alikuwa keshaamua kuiuza pikapu, na mimi nilikuwa nimeapa haiuzwi. Tulikuwa tukila sinia moja na hatusemezani ila la lazima. Hiyo ni miaka ya themanini, tulipokuwa tukikaa Malindi kwa mamake, mavyaa wangu, na mtoto wetu wa kwanza hajatambaa.

Haikuwa gari la kuringia. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na honi ililia ikitaka. Lakini kwa pikapu hiyo mume wangu alitoa samaki Ngomeni akawaleta mjini, na siku nyingine alikwenda Jilore kuchukua matikiti, na hakuna aliyemwita kwa mluzi. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa hoteli moja ya watalii. Siku moja nilipita pale nikamwona kwa macho yangu, mtu mzima mwenye mke, akifokewa na mkubwa wake mbele ya wageni kwa ajili ya begi lililochelewa, naye kainamisha kichwa anasema ndiyo bwana. Sikumwambia kwamba niliona. Pikapu ikiuzwa, ndiko angekorudi, na mimi sikutaka kumwona vile tena maishani mwangu.

Balaa lenyewe ni oili. Ilivuja kila gari lilipolala, na kila siku ya pili ilibidi aongeze. Fundi wake, rafiki yake tangu chuoni walikosoma Kurani pamoja, aliingia uvunguni akatoka anatikisa kichwa. Alisema inavuja nyuma, pale injini inapoungana na gia boksi. Gia boksi ishushwe, injini ifunguliwe, na injini kuukuu kama ile ikifunguliwa huenda isifungike tena. Heri iuzwe ingali inatembea. Akamtafutia na mnunuzi kabisa, mtu wa Mariakani, ambaye angefika Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Mimi magari siyajui, lakini madoa nayajua. Nani alikuwa akizifua zile kanzu zake? Usiku ule nikamuuliza oili inadondoka wapi hasa. Akasema chini. Nikamuuliza chini wapi.

"Chini, mke wangu. Chini ni chini."

Nilipandwa na hasira mpaka usingizi ukanikataa. Kisha nikajiona mjinga mimi mwenyewe, maana kila alfajiri nikishasali nilishika fagio la chelewa nikafyagia uwanja wote, na ule mchanga wenye oili nikautupa shimoni kabla jua halijachomoza. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nikiuficha uchi wa gari kila siku kwa mikono yangu.

Basi Jumatano sikufyagia. Mavyaa wangu alikuwa akisema mwanamke hujulikana uwanjani kabla hajajulikana jikoni, na saa moja asubuhi alisimama mlangoni akitazama majani na maganda ya machungwa kama anayetazama maiti. Nikamwambia kwa adabu zangu zote kwamba fagio limekatika. Akaniletea lake. Nikalipokea, nikamshukuru, nikaliegemeza nyuma ya mlango.

Doa nililikuta, tena pale pale alipopasema fundi, katikati ya gari kuelekea nyuma. Moyo ulinivunjika. Nilikaa kizingitini na bakuli la maji ya kuoshea mchele, nikayamwaga, nikayaona yanateremka mbio kuelekea langoni. Uwanja wetu una mteremko. Na pikapu siku zote ililala imeinua pua kuelekea nyumbani, nyuma yake imeshuka. Maji yakiwa yanateremka, oili itapanda?

Jioni nikamwambia mume wangu aigeuze, mkia uje nyumbani na pua iende langoni. Aliuliza kwa nini, nikasema igeuze tu. Aliigeuza kwa sababu alikuwa amechoka kugombana.

Alhamisi, uwanja bado mchafu, nilikuta doa limehamia mbele, karibu na rejeta, na kule nyuma kukavu. Nilipiga kigelegele peke yangu uwanjani, mavyaa akatoka mbio akiuliza nani kazaa. Kama oili ingekuwa inatoka pale fundi alipodhani, ingedondoka pale pale hata ungeigeuza pikapu ikatazama Mambrui. Ilikuwa inatoka juu na kufuata mteremko.

Mchana mume wangu alipokuja kula nilimtoa nje kabla hajanawa. Nilimfanya aifute injini kwa kitambaa cha mafuta ya taa, ubavu kwa ubavu, mpaka ikakauka. Kisha nikaleta kopo langu la poda. Alinishika mkono.

"Wallahi umerukwa na akili."

Nikainyunyizia injini poda yote, ikawa nyeupe. Akaiwasha, ikanguruma pale pale, sote wawili tumeinamia boneti. Haikuchukua muda. Uzi mweusi ukaanza chini ya kifuniko cha juu ya injini, ukatambaa polepole juu ya ile poda, ukazama chini. Na kifuniko kile fundi ndiye aliyekifungua miezi mitatu nyuma kurekebisha tapeti, vile vyuma vinavyogongagonga chini yake. Mume wangu alizima gari, akachukua spana, akakifungua. Gasketi, ule utepe unaokaliwa na kifuniko ili oili isipenye, ilikuwa imejikunja upande mmoja kama pindo la leso lililoshonwa na mtu mwenye usingizi. Basi, ni hilo tu. Akakaa mchangani akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikakaa kando yake nikacheka naye.

Ijumaa alipata gasketi mpya mjini, akaifunga mwenyewe. Sikufyagia siku hiyo pia, nilitaka kuona. Asubuhi ya Jumamosi chini ya pikapu palikuwa pakavu kabisa, na ndipo nikafyagia uwanja.

Fundi alikuja na mnunuzi wake saa nne. Nilisimama nyuma ya pazia la mlango. Mume wangu hakubishana, alimwambia fundi aingie uvunguni apapase. Akaingia, akapapasa, akatoka, akaipangusa mikono kwa kitambaa kwa mazoea, ingawa ilikuwa mikavu. Yule wa Mariakani ndiye aliyeuliza ni fundi gani aliyeitengeneza.

Mume wangu aliweka mkono juu ya boneti. Nikajiambia sasa atasema ni yeye, na haki ya Mungu ningemsamehe, wanaume huoneana haya.

"Mke wangu," alisema. "Na gari haliuzwi."

Nilivimba kichwa, nasema kweli. Nikajitanda leso, nikatoka na birika la kahawa, nikawaamkia vizuri wote watatu, na kikombe cha kwanza nikampa fundi. Alikipokea kwa mikono miwili.