Siku Nilipofanywa Mfuko wa Saruji

Naona haya kuwasimulia, maana hata mke wangu nilimweleza nusu tu, lakini kwa kuwa mmeanza wenyewe kubishana magari, basi sikilizeni na mcheke taratibu.

Miaka ile ya utawala wa kijeshi nilikuwa Kampala, Mkenya niliyefuata riziki, nauza vipuri kwenye duka moja pale mtaa wa maduka wa Kikuubo, na kila mchana mimi na jirani yangu Musoke, fundi cherehani, tulikaa barazani tukibishana kuhusu vigari vidogo vya mbio, vile ambavyo mtu wa mshahara angeweza kuota kununua (kuota tu). Mimi nilikuwa nimevipanga kwa madaraja: chini Datsun 1200, nyepesi, kabureta moja, haina makuu, katikati Escort, ina moyo lakini nyuma inarukaruka kwenye kona, juu kabisa Datsun 1600 ya kabureta mbili. Musoke aliitetea Escort utadhani imeundwa na mjomba wake.

Siku hiyo akaingia bwana mmoja mwenye shati la maua, miwani myeusi na viatu vya soli nene, na mavazi hayo kila mtu mjini aliyajua: ni watu wa usalama, wale ambao ukitiwa kwenye buti la gari lao husikiki tena. Musoke akakumbuka ghafla kwamba ana suruali ya kupiga pasi. Yule bwana akaeleza kwamba kila akishindana na mwenzake barabara ya Port Bell, Escort yake inaachwa na Datsun 1600, akataka dawa. Hapo ningesema sijui, yakaisha. Lakini mdomo wangu (ungekuwa gari, ungekuwa hauna breki) ukamwambia gari lake liko daraja moja chini, ila akitia uzito nyuma, kama mfuko wa saruji, litashika kona.

Akafikiri. Saruji wakati huo haikupatikana mji mzima, kama sukari na sabuni.

"Wewe iko kilo ngapi?" akaniuliza.

Nikajibu sabini, bado najiona mtaalamu.

"Basi ingia buti."

Ndugu zangu, akili ikaniruka: huyu ananikamata au ananipima? Kama ananikamata mbona anatabasamu, na kama ni mashindano mbona buti ni lile lile? Nikapiga magoti mbele ya Kikuubo nzima, nikalia, nikamwita mama aliyeko Kisumu, nikaungama hata chumvi ya magendo ambayo hakuna aliyeniuliza, naye akasema tu kwa upole tuharakishe, mwenzake anangoja. Nikaingia. Ndani giza na harufu ya petroli, kila kona nagonga kichwa, na nilipokumbuka kwamba njia ya Port Bell ndiyo hiyo hiyo ya gereza la Luzira, suruali ikalowa, sitawaficha.

Buti lilipofunguliwa niliona ziwa, na wanaume wawili wanacheka mpaka wanashikana. Tulikuwa tumeshinda. Sikujua nishukuru au nilie tena, nikafanya yote mawili.

Akanirudisha mwenyewe, safari hii kiti cha mbele, honi inalia njia nzima, akanishusha mlangoni, akanikumbatia, akanipa na sukari. Nilidhani majirani watapiga vigelegele. Mama wa duka la pili akamvuta mwanawe ndani. Nami bado nawapungia mkono na suruali yangu mbichi, sielewi kitu, mpaka nilipoyaona macho yao: mtu anayetoka kwenye buti lile siku hiyo hiyo, tena na sukari mkononi, ni mmoja wa watu wa usalama, na kile kilio changu chote kilikuwa maigizo.

Kesho yake nilikaa barazani peke yangu. Jioni Musoke akaja, akasimama mbali, kofia mkononi.

"Afande," aliniita, mimi, "ile gali yenye ulisema wewe, ndiyo nzuri. Mimi nakubali yote. Niko na watoto, sebo, bwana mkubwa."

Nilimwambia ni mimi, ni mimi yule yule, abishe basi, aseme Escort. Akaendelea kukubali tu, anarudi kinyumenyume. Niliwahi kutamani sana siku ya kumshinda Musoke, na ilipofika nililia kuliko nilivyolia kwenye buti. Kwa hiyo msiniulize gari lipi lina mbio. Mimi nimeapa, yote yanakwenda.