Wavu Chini ya Kifuniko

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingi za ujana wangu, mjukuu wangu, ni Ijumaa moja ya miaka ya tisini, nilipokuwa nimeshika ngazi kwenye lango la yadi ya malori kando ya Kangundo Road, upande wa Komarock. Juu ya ngazi alikuwapo mwanamke akitafuta kosa. Chini ya ngazi nilikuwapo mimi niliyelitenda kosa hilo, nami nilikuwa kimya.

Andika hivyo hivyo, wala usinilainishie maneno.

Wakati huo nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kibanda changu kikiwa Kariobangi. Darasa sikuliona hata siku moja, ila kazi ya mikono yangu ilijulikana kutoka Dandora hadi Majengo. Nanyi mnaijua mitaa yetu ilivyo: hakuna kitu tusichokifungia chuma. Dirisha lina grili, mwenye duka hukupa mkate kupitia grili, televisheni ya baa hulala ndani ya grili, na huko Kiamaiko niliwahi kuitengenezea grili mizani ya nyama, mwenyewe akihofia itaota miguu. Kwa hiyo meneja wa yadi ile aliponiita nisimamishe nguzo ya mashine ya kuyatambua malori, nilikwenda na nondo begani bila kuuliza mashine hiyo hula nini.

Aliyeileta, Jumatano ya juma lile, ni Adhiambo, mwanamke kijana aliyesomea mambo ya redio, mwajiriwa mpya wa kampuni iliyoiuza. Alikuwa ameipakata mapajani tangu mjini. Aliiweka juu ya meza ya Mzee Kioko, bawabu wa lango, Mkamba mwenye mvi aliyechonga vijiko vya mti huku akingoja malori. Kisha akatoa kadi ngumu ya plastiki, ndogo kuliko kiganja changu. Kila lori lingebandikwa kadi yake kwenye kioo cha mbele, na madereva walikwisha kuipa jina: kipande, kama vitambulisho vya babu zetu vilivyoitwa. Adhiambo alikisogeza kipande kile mbele ya mashine. Taa ya kijani ikawaka, mlio ukasikika.

"Kina betri ndani?" nikauliza.

"Hakina, Fundi."

"Basi nguvu ya kujibu hukipata wapi?"

"Mashine ikikiita, ule mwito wenyewe ndio unaokipa nguvu. Kinajibu kwa pumzi ya aliyekiita."

Mzee Kioko akacheka hadi kijiko kikamdondoka. "Basi hicho ni mkwe wangu! Hafungui kinywa mpaka asemeshwe."

Mwanangu, nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, lakini siku ile nilikichukua kipande kile nikakichezea kama mtoto. Nilikitia chini ya kofia, kikalia. Nilikificha nyuma ya kipande cha kioo, kikalia. Nilikifunika kwa gazeti la Mzee Kioko, kikalia. Vitu vyote nilivijaribu, isipokuwa kile nilichokijua kuliko vyote.

Adhiambo alinipa maagizo: nguzo iwe ya mita tatu, uso wa mashine uinamie vioo vya malori yanapokaribia, na mbele ya uso huo pasiwe na chuma cha aina yoyote. Akalirudia hilo la mwisho. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu asiyependa kulalamika, "Ijumaa mwenye yadi anakuja kutazama. Mkubwa wangu amesema mashine ikinyamaza mbele yake, Jumatatu nisirudi kazini. Tafadhali, Fundi."

Nilitaka kumuuliza chuma kina kosa gani. Swali lilifika kooni likarudi. Kuhusu betri niliuliza, kwa maana betri haikuwa kazi yangu. Lakini chuma! Mimi wa kumuuliza msichana habari za chuma? Wahenga wamesema kuuliza si ujinga, nami neno hilo nililijua. Ila kulijua neno ni jambo moja, na kulitii ni jambo jingine.

Alhamisi tuliijaribu mashine ikiwa juu ya nguzo. Lori moja likaja, mlio ukasikika, na kizuizi cha lango kikainuka chenyewe kama mtu anayempisha mgeni. Adhiambo akaenda ndani ya yadi kubandika vipande kwenye malori yaliyosalia. Nikabaki nikiitazama mashine pale juu. Ilifunikwa kwa kifuniko cha plastiki kilichoshikwa na skrubu nne tu. Nikajiambia kwamba mwizi yeyote mwenye bisibisi ya Gikomba angeimaliza kabla ya jogoo kuwika, na kwamba jina langu ndilo lingelaumiwa.

Nikapanda. Nikakata wavu wa chuma wenye matundu ya kupitisha vidole viwili, nikaukunja kwa ustadi, nikaukaza kwa boliti, kisha nikakirudisha kifuniko juu yake pasionekane kitu. Nilijihesabia haki: amekataza chuma mbele ya uso, na huu uko chini ya kifuniko; tena una matundu, mwito utashindwaje kupita? Sikumwambia Adhiambo. Nilitaka aje augundue mwenyewe siku moja anisifu. Aliyeniona ni Mzee Kioko peke yake, naye akaendelea kuchonga kijiko chake.

Ijumaa asubuhi mwenye yadi alifika, akakaa ndani ya gari lake, kioo kikiwa chini. Lori la kwanza likasogea. Kimya. Likarudi nyuma, likasogea tena. Kimya.

"Niaje, Fundi!" dereva akapiga kelele. "Hiyo kitu yenu imelala, ama ni mimi sionekani?"

Wenzake waliokuwa foleni hadi barabarani wakaangua kicheko.

Adhiambo akapanda ngazi, akakagua waya. Akashuka, akabadilisha kipande cha lori. Akapanda tena, akarekebisha mwinamo. Aliposhuka mara ya kwanza sikuwa na wasiwasi. Aliposhuka mara ya pili, nilianza kuufikiria ule wavu. Alipopanda mara ya tatu nilijua, kama mtu anavyojua kwamba ameacha jiko likiwaka nyumbani.

"Shika ngazi vizuri, Fundi," akasema kutoka juu.

"Nimeshika."

Utaniuliza kwa nini sikusema. Meneja alikuwa ameniahidi milango yote ya ghala, kazi ya miezi minne. Tena nilikuwa nimejenga jina la mtu asiyekosea, na jina la namna hiyo ni mzigo mbaya; huwezi kulitua hata njia inapokuwa na tope.

"Madam, tungoje hadi lini?" meneja akauliza.

"Dakika kumi tu, Meneja."

"Tano."

Mzee Kioko akatoka kwenye kibanda chake, akasimama karibu nami kana kwamba anatazama hali ya mawingu. Akasema polepole, "Fundi, ulimuuliza mwizi anataka nini. Mashine hukuiuliza."

"Mzee, huenda si ule wavu."

"Huenda. Basi muache atafute. Ila mtu akitafuta kitu huku aliyekificha akimshikia ngazi, huko si kutafuta tena. Huko ni kuchezewa." Akaenda zake.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, ndivyo tulivyofunzwa. Lakini maradhi yalikuwa yangu, na kifo kilikuwa kikimwendea mwingine. Hilo ndilo lililonivunja.

"Injinia," nikasema, "shuka. Nipishe."

Nilipanda na bisibisi. Nikafungua skrubu nne, nikafungua boliti, nikauvuta ule wavu nikauinua juu ili kila mtu auone, mwenye yadi akiwamo. Hata sijashuka, mashine ikalia. Taa ya kijani ikawaka, kizuizi kikainuka, na yule dereva akapita huku akipiga honi kama harusi.

Adhiambo aliutazama wavu, akanitazama mimi. "Umeifumba macho, Fundi, kisha ukanishikia ngazi?"

"Ndiyo."

Nikamgeukia meneja nikamwambia kwamba mwanamke huyu alinikataza kuweka chuma, nami niliweka kwa kiburi changu. Meneja hakunikemea sana. Alisema tu, "Basi ondoka na ngazi yako." Milango ya ghala akapewa fundi mwingine. Nililistahili hilo, na mpaka leo sijalihesabu kuwa dhuluma. Adhiambo hakufukuzwa.

Nilipokuwa nikiifunga ngazi kwenye mkokoteni, aliniita. Nilidhani anataka kunitukana, nami nilikuwa tayari kutukanwa. Badala yake akanikabidhi kipande kimoja akanivuta hadi chini ya nguzo. "Hutaondoka bila kuona," akasema.

Tulijaribu. Kipande kitupu: mlio. Wavu mbele yake: kimya. Ubao mkavu: mlio. Kifuniko cha sufuria ya Mzee Kioko: kimya. Akanieleza kwamba mwito wa mashine huenda kwa mawimbi, na wimbi lile ni pana kuliko matundu yangu ya vidole viwili. Likikutana na chuma hurudi lilikotoka, kama sauti inavyorudishwa na ukuta. Nikamuuliza, je, matundu yangekuwa makubwa? Je, chuma kikiwa nyuma badala ya mbele? Je, mvua? Maswali yalinitoka kama maji ya bomba lililopasuka, na hakuna hata moja lililonipunguzia kimo. Yote hayo ningeyapata Jumatano, bure, kwa kufungua kinywa.

Aliyefaidika na habari ya ubao ni Mzee Kioko. Juma lililofuata aliitengenezea mashine nyumba ya ubao mwembamba uliokauka, akaipa umbo la mzinga wa nyuki kama wa kwao Ukambani, akaitundika pale juu. Mwito ulipita bila shida. Na wezi? Mwanangu, hakuna mwizi aliyepanda nguzo ile. Nani ana haja ya kuonana na nyuki?

Miezi kadhaa ikapita. Siku moja Adhiambo akaja kibandani kwangu Kariobangi; alikuwa na lango jingine la kuwekea mashine, huko Industrial Area.

"Huna fundi mwingine?" nikamuuliza.

"Ninao wengi. Lakini wewe ukikosea, najua utasema."

"Nilichelewa kusema."

"Safari hii utawahi," akajibu, akaketi kwenye benchi langu kunichorea nguzo.

Sasa sikiliza nasaha yangu, wala sitaizungusha. Ukipewa agizo usilolielewa, uliza sababu yake kabla ya kulirekebisha. Ujuzi wako wa jambo moja usikufanye kipofu wa jambo jingine. Usione haya kumuuliza aliye mdogo kwako, kwa maana elimu haina umri wala haivai suruali peke yake. Na ukishakosea, sema mapema, mchana kweupe, kabla mtu asiye na hatia hajaanza kulipia kwa jasho lake. Kazi utakayoikosa kwa kusema kweli itafidiwa na nyingine. Mtu uliyemwacha aangamie kwa ukimya wako hafidiwi na chochote.

Mungu akukuzie akili isiyochoka kudadisi na moyo usioogopa kuumbuka. Akuweke mbali na sifa usizozistahili, akukutanishe na watu watakaokukemea kwa upendo, nawe ukawe mtu ambaye wenzako humwamini hata siku anapokosea. Amina.