Jiwe la Bibi Kwenye Foleni

Mlangoni kwangu kuna jiwe. Linazuia mlango usijibamize upepo ukija, na likinyeshewa linatoa harufu ya vumbi la Kariakoo, ingawa Kariakoo nimehama zamani. Mjukuu wangu kila akija anataka kulitupa. Namwambia, liache, hilo limekaa foleni nyingi kuliko siku zako za kuzaliwa.

Enzi zile za ujamaa, wenzangu mnakumbuka, vitu viliadimika. Ukiona watu wamejipanga unajipanga, halafu ndiyo unauliza kunauzwa nini. Sasa mtu hawezi kusimama kutwa, kwa hiyo kila mmoja aliweka jiwe mahali pake akaenda kukaa kivulini. Wengine waliweka kandambili, lakini kandambili nazo zilikuwa adimu, zikawa zinaondoka zenyewe.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Shule nilienda kidogo, na hicho kidogo kikapunguzwa na jiwe la Bibi. Kila alfajiri nililibeba kichwani mpaka duka la ushirika, jioni nikalirudisha nyumbani, maana Bibi alisema jiwe zuri likilala nje linaibwa. Mama alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia, na Bibi alitaka doti ya khanga mpya ya kumpokelea mtoto. Mimi niliamini khanga isipopatikana mtoto hatashuka. Basi nikawa nabeba jiwe kwa hofu.

Jirani yetu wa foleni, Mzee Chande, alikuwa mtani wa Bibi.

"Jiwe lako limenenepa kukushinda," alimwambia.

"Halina mume wa kulisumbua," Bibi akajibu.

Wiki ya tatu lori likaja. Maboksi yakafunguliwa: vifuniko vya sufuria. Sufuria zenyewe hazikuja. Watu wakatazamana, halafu wakanunua, kila mtu viwili. Mzee Chande akavigonganisha kama matoazi. Bibi alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe lake. Mimi nililia njia nzima.

Kesho yake mchana mtoto akashuka, hakuulizia khanga. Bibi akampokea kwa khanga yake ya kuendea harusini. Nikajua sasa nimepumzika. Asubuhi iliyofuata nikasikia, "We Zaina, jiwe."

"Bibi, mtoto si kashazaliwa?"

"Kazaliwa, alhamdulillahi. Sasa tusitoke?"

Bibi alipokwisha kufariki, nami nimeshakuwa mtu mzima, ndiyo Mama akaniambia: ile khanga ya harusini ilifuliwa, ikafukizwa udi, ikawekwa chini ya godoro kabla sijabeba jiwe hata siku moja. Bibi alijua fika kwamba mpya haiji. Nilikasirika, nisiwafiche, shingo ikaniuma upya. Halafu nikakumbuka alivyokuwa akijipaka wanja kila alfajiri, akajitanda vizuri, akaenda kungojea kitu asichokitegemea. Na jioni alirudi mikono mitupu akimsimulia Mama vituko vya Mzee Chande, mpaka Mama akashika tumbo kwa kicheko.

Siku hizi naamka sina pa kwenda. Nalifuta jiwe vumbi, nalisogeza hatua moja mbele, kama vile foleni imesogea. Jioni nalirudisha.