Mwalimu Pontien na Bunduki ya Mdogo Wake

Pontien alizoea kuwa wa kwanza. Ndiye aliyesoma, ndiye aliyerudi Nyakabere na diploma ya ualimu, na kwenye mashamba ya mpunga watu walimwita mama yao, Pétronille, kwa heshima hiyo: mama wa mwalimu. Mdogo wake Patient aliacha shule mapema, akachunga ng'ombe wa watu. Hapo hapakuwa na neno.

Neno lilianza Patient alipojiunga na vijana wanaolinda kijiji. Kizuizi chao kilikuwa barabarani, jirani na shule, na kila rekreasyo, saa ya mapumziko, alikuja kunywa maji kwenye bomba la shule, bunduki begani. Wanafunzi wa Pontien walitoka mbio yeye akiwa bado anafuta ubao, wakamzunguka mdogo wake kama kuku waliomwagiwa mtama. Siku moja aliwauliza darasani kila mmoja anataka kuwa nani akikua. Hakuna aliyetaja ualimu. Chérie, binti yake mwenyewe, alisema atakuwa kama baba mdogo Patient. Pontien akatabasamu kwa meno tu. Wivu ulimchoma kama mwiba wa samaki.

Basi chefu wa kijiji akaitisha mkutano. Alisema wabunge wa provensi, wale wa jimbo, wanajadili sheria ya kukataza silaha karibu na shule, naye anataka kujua watu wake wanaonaje. Wazazi wakagawanyika. Mama Geneviève, ambaye mume wake aliuawa na majambazi barabarani, alisema bunduki ile ndiyo inayompa usingizi. Watoto bila mlinzi, alisema, ni mbuzi bila mchungaji. Pontien akasimama. Alisema bunduki huita bunduki, risasi haisomi kibao cha shule, na mtoto akizoea silaha ataona daftari ni mzigo. Alisema vizuri mpaka wazee wakaitikia kwa vichwa. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Lakini macho yake hayakumtoka Patient, aliyekaa nyuma ameinama, na utamu alioupata kumwona vile haukuwa utamu wa sheria.

Kijiji hakikungoja provensi. Kikakata shauri: silaha isivuke mfereji wa mpunga ulio kabla ya shule.

Jioni mama yake Pontien akamwuliza taratibu, "Ulisema vile juu ya watoto, ao juu ya mdogo wako?"

"Juu ya watoto, mama."

Pétronille aliendelea kutwanga sombe, majani ya muhogo.

Patient hakubisha. Kesho yake alimwachia mwenzake bunduki ng'ambo ya mfereji, akaja mikono mitupu. Pontien alisimama dirishani, akingoja watoto waone kwamba bila silaha huyu ni mchunga ng'ombe tu. Watoto wakatoka mbio vilevile. Na kwa kuwa sasa mikono yake ilikuwa huru, Patient akambeba mmoja begani, akapiga nao mpira wa matambara, akawaita kila mmoja kwa jina, hata yule mdogo wa benchi la nyuma ambaye Pontien humwita "weye wa pale".

Pontien akaenda kwa direktere, mkuu wa shule, maneno ameshayapanga: watu wa nje wote wazuiwe saa ya rekreasyo, wenye silaha na wasio nazo. Direktere akamtangulia kusema. Alimshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia kwamba watoto wanacheza bila woga, na hata Mama Geneviève ameanza kulainika. Pontien akayameza maneno yake, akasema asante.

Alipotoka nje, Patient akamwona, akamwita kaka yake aje golini.

"Yaya, kuya udake. Hatuna muntu wa goli."

Pontien akajibu kwamba ana madaftari ya kusahihisha. Lakini hakuyagusa. Alisimama mlangoni mwa darasa, chaki inamsagikia kiganjani, akiwatazama. Jana alikuwa na bunduki ya kulaumu. Leo hakuwa na kitu. Kengele ikalia, watoto wakarudi kwake wakihema, wakigeuka njia nzima kumpungia mdogo wake mkono.