Jiwe Jeusi Lisilotoa Jembe

Siku ambayo sijaisahau, mwanangu, ni ile tanuri la baba mkwe wangu lilipotoa takataka tupu. Nilikuwa bibi arusi mgeni huko juu ya Kikatiti, miaka ya Mjerumani. Wanaume wetu walikuwa wamepelekwa Arusha kujenga boma, na majembe waliyokwenda nayo yalirudi yamelika hadi mpini. Masika yalikuwa karibu. Baba mkwe, Mzee Ndelilio, ndiye aliyekuwa mhunzi, na kijiji kizima kilimtazama yeye.

Alichimba jiwe jeusi, zito, kwenye korongo chini ya migomba yetu. Tukachoma mkaa, tukavukuta mchana kutwa. Tulipobomoa tanuri hatukukuta chuma, ila uchafu mweusi uliopasukapasuka kama chupa. Mzee akakaa chini.

"Korongo hili halina chuma," akasema. "Mwaka huu tutalima kwa vijiti."

Sasa mimi kwetu ni tambarare, penye chemchemi ya maji ya moto. Tangu utoto nilikuwa naona: pale maji yanapobubujika tope ni jekundu kama kutu ya jembe, na ukiyafuata yanakokwenda, mawe yanageuka meusi. Nikapiga magoti.

"Baba, jiwe hili ni lile la mbali na jicho la maji. Jekundu, lenye chuma, liko huko nyuma, upande wa mlima."

Shemeji, mdogo wa mume wangu, akacheka. "Maji ya moto yako wapi hapa? Korongo kavu hili!"

"Leo ni kavu. Lakini tazama mawe yalivyolala, tabaka juu ya tabaka. Yalitulia ndani ya maji kama yale ya kwetu."

Mzee hakucheka. Alichukua sururu akaniambia, "Tangulia, binti."

Tukalifuata tabaka jeusi ukutani mwa korongo, tukipanda. Likaanza kuwa kahawia. Tulipopita kona likawa jekundu kabisa, nene kuliko mkono wangu ulivyo mrefu. Mzee alipiga kelele kama kijana. Tanuri la pili lilitoa chuma, na mvua ilikuta kila nyumba ina jembe.

Baadaye sana, msomi wa mawe alinieleza. Kabla ya watu palikuwa na ziwa hapa. Moto wa volkano ulichemsha maji ardhini, yakayeyusha chuma na manganizi, yale madini meusi, miambani, yakamwagikia ziwani. Chuma kikikutana na hewa hutua upesi, karibu. Manganizi husafiri zaidi, hutua mbali. Matope yakafunika vyote, vikagandamana vikawa mwamba.

Basi, mwanangu, ukichimba ukakosa, usikitupe ulichopata kwa hasira. Jiulize kimetoka wapi na kimefikaje hapo. Na uliloliona kwa macho yako liseme kwa adabu, hata kama wewe ndiye mgeni wa nyumba. Mungu akujalie macho yanayoona na watu wanaosikiliza, na jasho lako likulishie watoto.