Daftari la Jua la Kahaso

Saa saba mchana, Mtopanga yote ikiwa imekimbilia vivulini, Kahaso Munga anapanda ngazi kulifuata jua. Juu ya bati la nyumba yake kuna sanduku la kioo lenye mabomba meusi ya kupashia maji. Kabla ya kutazama kipimajoto, anaandika daftarini anachotarajia: nyuzi 66. Kisha anatazama. Ni 65.

"Kupima kila mtu anaweza," asema. "Kazi ni kusema kabla."

Kahaso, 43, ni fundi wa kuchomelea vyuma. Kwa miaka miwili ameandika joto la hewa, upepo na maji, saa baada ya saa, hadi akajitungia hesabu ya kukadiria sanduku litapasha maji kiasi gani. Majirani walimcheka, eti anamfanyia Mungu ukaguzi.

Hesabu hiyo ilimfikisha kwenye zahanati moja ya kina mama huko Kisauni. Waliotoka kujifungua hukandwa mwili hapo kwa maji ya moto, na maji yenyewe huchemshwa kwa makaa. Muuguzi mkuu, Velma Nafula, alimwekea jaribio: afunge sanduku kama lake juu ya zahanati; maji yakifika nyuzi 60 alasiri, kazi ni yake. Kahaso aliahidi 64.

Yalifika 55.

Anakiri kwamba alitamani kusingizia wingu. Alipopanda juu, alikuta kioo kina utando mweupe. Mutua, mlinzi wa zahanati, alikuwa amekiosha asubuhi kwa maji ya kisima, yenye chumvi, ili kazi ya mgeni ipendeze. Kahaso kwake hutumia maji ya mvua, kwa hiyo daftari halikuijua chumvi.

Mutua aliomba radhi. Kahaso hakumwachia lawama, akamgeukia muuguzi.

"Kosa ni langu, dada. Jua nimelihesabu, upepo nimeuhesabu. Mtu wa kuosha kioo sikumhesabu."

Nafula akampa nafasi ya pili, Ijumaa hii.

Tangu siku hiyo Kahaso anakichafua kioo chake kwa maji ya kisima makusudi, na kuandika joto linalopotea. Sanduku la zahanati ameliongezea mabomba mawili. Makadirio ya Ijumaa ameshayaandika: 61. Ni padogo mno pa kukosea, na usingizi anaupata kwa shida.

Yeye mwenyewe alipojifungua kifungua mimba wake, makaa yaliisha, akakandwa kwa maji ya uvuguvugu. Maumivu yale hajayasahau.

"Ijumaa nataka Mutua akioshe kioo vilevile, kwa maji yaleyale ya kisima," asema, akishuka ngazi. "Maji yakifika sitini hata hivyo, mama hatakandwa kwa uvuguvugu tena."